Daftari la Malalamiko, Zuzu hadi Kolo

Tangu nirudi hamnipi nafasi. Kwenye foleni ya chai mnauliza, getini mnauliza, na juzi Mama Sara kanifuata hadi kwenye mashine ya kushonea magunia, sindano inashuka, yeye anataka kujua kama ni kweli mzungu wetu aliuza dawa ya kunguni. Ni kweli. Lakini mkiyasikia vipande vipande mtaniona mjinga kuliko nilivyokuwa, kwa hiyo nimeamua kuandika yote kwa mara moja, mpeane msome, na mtakayemwona anacheka mahali pasipochekesha mniambie.

Sababu ya safari wengi mnaijua, ila kuna wageni idara ya mashudu ambao hawaijui, acha niwaeleze. Mwanaidi ni karani wa mizani kwenye ghala la alizeti la Kampuni yetu, huko upande wa Kolo. Lundo la magunia lilimwangukia akiwa kazini, likamvunja nyonga. Chama kilipoandika barua, Kampuni ilijibu kwa mistari miwili: haina wafanyakazi Kolo, wala Mlali, wala Zuzu, wote wale ni watu wa mawakala, na huyo Mwanaidi haimfahamu. Jamani, haimfahamu. Mtu kawapimia alizeti miaka sita. Na asipokubalika kuwa ni mfanyakazi hakuna wa kumlipia apasuliwe, na daktari alishasema nyonga ikiachwa iungane yenyewe hatatembea sawasawa tena.

Hapo ndipo wenzetu wa Polandi walipoingia. Kampuni hiyohiyo ina kiwanda cha mafuta kwao, na chama chao kina kiti kwenye kikao cha wakubwa wenyewe. Wakasema swali la Mwanaidi wataliweka mezani, uso kwa uso, mradi wapate ushahidi kwamba watu wa maghala ni wa Kampuni. Wakamtuma mwenzao mmoja aje tukusanye naye. Mimi kama katibu wa tawi nikanunua kaunta buku, nikaifunika karatasi ya kaki, nikaipigia mistari ya safu nne: Jina, Kazi, Tangu Lini, Malalamiko. Nikajiona nimemaliza kila kitu.

Stesheni ya Dodoma

Nilichelewa kumpokea. Nimezoea kungoja magari maisha yangu yote, nikasema treni ya saa tano nitaifuata saa sita, na treni ikaingia saa tano. Nilipofika nikamkuta mtu mrefu mwenye kipara, umri wa baba yangu mdogo, ameshasalimia stesheni nzima. Jirani yake wa kwenye behewa alikuwa amemfundisha shikamoo, naye akaona ni neno zuri, akawa analigawa kwa kila mtu: mlinzi, mpiga debe, mtoto aliyebebwa mgongoni. Bibi mmoja wa karanga akaitika marahaba bila wasiwasi wowote, akamwongezea kipimo.

Jina lake Marek. Kwao ni fundi mitambo, anatengeneza mashine za kukamulia, kwa hiyo tofauti yetu mimi na yeye ilikuwa lugha tu. Kiingereza chake ni cha kiwandani, changu ni cha darasa la saba, vikikutana vinatazamana. Mambo mazito tulikuwa tunaiambia simu yake, nayo inatamka kwa sauti ya mwanamke mwenye haraka.

Gari la chama lilikuwa gereji, mnalijua lile. Chibwana wa idara ya upakiaji, ambaye mwisho wa wiki ana biashara yake ya dawa ya wadudu, akajitolea pikapu yake ya milango minne. Nikamshukuru kabla sijaiona. Ilikuwa na spika mbili juu ya paa, na ina ugonjwa: ukifunga breki kwa nguvu, tangazo linajiwasha lenyewe. Sauti ni ya mkewe. "Kunguni anakunyonya, mende anakudharau, panya anakula kabla yako. Dawa ndiyo hii." Nilikuwa nimesisitiza kwenye kikao, mbele yenu, kwamba ziara hii ifanyike kimyakimya. Chibwana akanitazama akaniambia, Katibu, mimi nitakuwa sifungi breki.

Zuzu

Zuzu si mbali, ndiyo maana tulianza nako, ili nipate moyo. Ghala lipo ng'ambo ya reli. Tulikuwa tumeshawapigia simu wenzetu wa pale, mpango ni tuegeshe mbali, wao watoke mmoja mmoja saa ya kula, waandike kwenye daftari, warudi kazini kama vile hakuna kilichotokea. Msimamizi wao ni mtu mkali, ana filimbi.

Mita chache kabla ya ghala mbuzi akakata barabara. Chibwana akafunga breki. Mkewe akaanza kuhubiri, kunguni, mende, panya, eneo zima likasikia. Msimamizi akatoka na filimbi yake, na wafanyakazi wote nyuma yake. Nikasema basi, safari imeishia hapa, nitarudi kuwaeleza nini wanachama.

Chibwana wala hakupepesa macho. Akashuka, akafungua nyuma, akatoa boksi la dawa. Msimamizi akasogea, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe wiki nzima hajafumba jicho, nyumba aliyopanga ina kunguni wa kurithiana. Akawapanga watu foleni. Mimi nikatoa daftari, Chibwana akawatangazia kwamba hii ni sumu, lazima iandikwe nani kaichukua. Wenzetu wakanielewa mara moja. Walipita mmoja mmoja wakaandika jina, kazi, tangu lini, na kwenye malalamiko wakamwaga yao: hatuna glavu, hatuna mkataba, maji ya kunywa tunakuja nayo kutoka nyumbani. Marek akawa anawapa pakiti kwa mikono miwili na kuwaamkia.

Msimamizi alikuwa wa mwisho. Akachukua kalamu, akaandika jina lake, Kazi: Msimamizi wa Ghala, Tangu Lini: akaweka mwaka, na kwenye Malalamiko akaandika Kunguni. Akapiga na saini. Tulipoondoka alitupungia mkono.

Kwenda Mlali

Kesho yake tukaelekea mashariki, tukachepuka Mbande, tukashika njia ya Kongwa. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kitenge na viatu vya kisigino, kwa sababu Mlali tulikuwa tunapitia ofisini na sikutaka chama kionekane cha watu wa ovyo. Kabla hatujafika, kundi la ng'ombe likaingia barabarani. Nikamwambia Chibwana taratibu, usifunge. Akafunga.

Ng'ombe hawajawahi kutangaziwa dawa ya panya kwa karibu kiasi kile. Walitawanyika kama maharage yaliyomwagika. Mchungaji, mzee mmoja mwembamba, hakutugombeza hata kidogo, alisimama tu akituangalia kwa namna iliyoniuma kuliko matusi. Ikabidi tushuke tumsaidie. Katibu wa tawi, mjumbe wa kimataifa na muuza dawa tukatumia saa nzima kukimbiza ng'ombe mashambani, na ndama mmoja alinizungusha kwenye mbigili mpaka kisigino cha kushoto kikabaki huko. Marek alikuwa na kipaji, sijui kakipata wapi. Alikuwa anawaendea taratibu, anawaambia shikamoo, wanamfuata. Wa mwisho alipoingia kundini yule mzee akampa mkono yeye peke yake.

Kijiji tulichofikia sikitaji, watu wana kazi zao. Niseme tu kwamba kwa utaratibu wetu, kama mjuavyo, mgeni haendi kwa mtu yeyote kabla ya kuripoti ofisini na kusaini kitabu cha wageni. Mtendaji wa pale ni mama, nadhifu, miwani iko kwenye kamba, muhuri uko kwenye kikasha chake. Alitueleza kwamba pale kwake kila anayevuka kizingiti anasaini, hata mwanawe akimletea chakula cha mchana anasaini, dhumuni: kuleta chakula. Tukasaini. Jina, Cheo, Anakotoka, Dhumuni, Maoni. Marek alijaza maoni kwa Kipolandi, yakavuka safu, yakaingia ukurasa wa pili, na yule mama akaheshimu kila mstari.

Watu wa ghala la pale waliogopa kuandika jirani na ghala, kwa hiyo Mama Mtendaji alituruhusu tuwaandikie mezani kwake. Walikuja saa ya chakula, tukajaza karatasi tatu. Baadaye wakaleta ugali wa uwele na mlenda. Marek akachota tonge, akavuta, mlenda ukamfuata. Akainua mkono, ukamfuata. Akasimama kwenye kiti. Mama Mtendaji kwa huruma ikabidi amwonyeshe namna ya kukata kwa kidole. Alikula sahani mbili na kutaka kujua kama unaweza kusafirishwa.

Sasa kosa langu, nalikubali, msinitafutie maneno. Wakati tunaaga, watoto wa shule walikuwa wameingia kwenye gari, mmoja kakanyaga breki, tangazo likawaka, wote tukatimka nje. Nilirudi mbio, nikachukua kaunta buku yenye karatasi ya kaki kutoka mezani, nikaikumbatia kifuani, nikapanda gari. Mezani zilikuwa kaunta buku mbili zenye karatasi ya kaki.

Njia ya Kolo

Siku iliyofuata ilikuwa ya Kolo, na ni mwendo. Tukashika njia ya kaskazini asubuhi, milima ya Chenene iko mbele yetu, mimi nimevaa ndala maana viatu vyangu mmesikia habari zake. Baada ya Chenene gari likazima. Chibwana akafungua boneti, akatazama ndani kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi. Marek akatoa bisibisi yake mfukoni, yeye haachani nayo, akaanza kufuata nyaya moja moja chini ya jua. Kama saa moja na nusu. Gari likawaka. Akatuambia kupitia simu kwamba amegundua pia hitilafu ya spika na ameirekebisha, nikamshukuru sana. Kijiji kilichofuata Chibwana akafunga breki na tangazo likatoka kubwa mara mbili ya mwanzo. Kumbe hitilafu aliyoiona yeye ni kwamba spika moja ilikuwa haifanyi kazi.

Kufika Kolo ni rahisi, kazi ni kufika Kolo na mzungu usiende kwenye michoro ya mapangoni. Nilimuuliza kijana wa pikipiki kwa Mwanaidi, karani wa ghala, ni wapi. Akasema nifuateni. Tukamfuata, tukapanda kilima, akasimama chini ya jabali, akasema michoro ndiyo hii. Nikamwambia nimeuliza mtu. Akasema ndiyo, watu wapo, wale wamechorwa kule juu. Nikapandwa na hasira. Tukashuka, nikamuuliza mama mmoja anayepeta ulezi, naye akampa mwanawe atuongoze, na yule naye akatupeleka kwenye michoro, ila kwa njia fupi zaidi. Walinihurumia wote. Waliona nina mgeni na sijui kitu cha kumwonyesha.

Mara ya pili Marek aliomba atazame kidogo kwa vile tumeshafika. Akasimama mbele ya wale watu wembamba wa rangi nyekundu. Akaiambia simu, nayo ikanitafsiria: wanafanya kazi wote, lakini msimamizi simwoni. Mimi nilikuwa na njaa, nikamvuta mkono tushuke.

Kwa Mwanaidi

Tulifika alasiri. Mama yake, Bi Asha, alitukaribisha ndani kwa heshima ambayo kwa hali yetu hatukustahili, nikamwamkia, Marek akamwamkia, safari hii kampata mtu sahihi. Mwanaidi alikuwa amekaa juu ya godoro, mgongo ukutani, mguu mmoja umenyooshwa na kuegemezwa mto. Ni dada wa miaka thelathini na kitu, mcheshi kwenye simu. Nilipomwona ana kwa ana, jinsi anavyosogea kwa kujivuta na mikono, nikaenda kukaa chini kando ya godoro lake.

Tukaletewa makande. Nikaanza kumpa moyo, kwamba hayuko peke yake, kwamba Zuzu wameandika, Mlali wameandika, na sasa anafuata yeye. Nikafungua daftari nimwonyeshe. Nikasoma kwa sauti mstari wa kwanza nilioukuta: Afisa Mifugo, kutoka wilayani, dhumuni la ziara ni chanjo ya kuku.

Nikafunga. Nikafungua tena mahali pengine. Mwenyekiti wa kwaya, kuomba kibali cha tamasha. Chibwana akachungulia begani kwangu akaondoka nje polepole. Nilitamani ardhi ipasuke. Ushahidi wote wa siku mbili uko Mlali, na mimi nimemletea mgonjwa kitabu cha wageni cha serikali. Wakati huohuo simu ikaita, Mama Mtendaji, sauti imetulia vibaya sana. Aliniambia kwamba ofisi yake haina kitabu tangu jana, kwamba ana hofu nimekiiba, na kwamba daftari langu lilikuwa wazi mezani, wageni wa leo wakalikuta, wakajaza, maana mgeni akiona daftari mezani hujaza. Nikamuuliza wamejaza nini. Akasema safu zote.

Nikalia, kwa nini niwafiche. Nililia mbele ya mtu aliyevunjika nyonga, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Alipoona nimetulia akaomba kitabu. Alisema karani hawezi kukaa na daftari chumba kimoja asilifungue. Akawa anapekua, anapitisha kidole kwenye safu kama alivyozoea kazini, anacheka peke yake na maoni ya watu. Halafu kidole kikasimama. Akaurudia mstari mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuusoma.

Ulikuwa mwandiko wa Meneja wa Kanda. Mwanaidi anaufahamu, miaka sita Meneja amekuwa akimsainia karatasi za mizani, na huwa anaipigia saini yake mistari miwili chini. Cheo: Meneja. Anakotoka: Kampuni. Dhumuni la ziara: Kuwaona wafanyakazi wetu wa ghala. Maoni: Wafanyakazi wetu wanajituma.

Marek aliposikia tafsiri alisimama wima, kichwa kikagonga boriti. Kampuni ilituandikia barua kwamba haina wafanyakazi Mlali, na kumbe mkubwa wao mwenyewe kaandika kwa mkono wake kwamba ni wake. Na hakuna aliyemlazimisha. Alisaini kwa sababu mtu hapiti ofisi ya kijiji bila kusaini.

Mwanaidi hakushangilia. Alikaa na kile kitabu mapajani, kisha akasema, "Katibu, hata huku atakuwa amesaini."

Ofisini

Tulimbeba na godoro lake, tukamlaza kiti cha nyuma cha pikapu, Bi Asha kamshika mguu. Ofisi yenyewe ni hapohapo, tulitumia muda mrefu kumpakia kuliko kwenda. Chibwana aliegesha mlangoni kabisa, kwa breki ya mkono.

Mtendaji wa huko ni mtu wa makamo, mpole, anaongea kama anayehesabu maneno. Nikamweleza shida yetu yote bila kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kitabu cha wageni ni nyaraka ya serikali, hawezi kuwatolea watu waje kukipekua, angekuwa na barua kutoka juu ingekuwa jambo jingine. Nikaanza kubishana. Akaniinulia mkono.

"Lakini nyie ni wageni," akasema, "na mgeni lazima asaini. Akishika kalamu siwezi kumfunga macho."

Akakiweka mezani mbele ya Marek, akaenda dirishani, akatupa mgongo, akaanza kutazama mti wa jacaranda ulio nje.

Sijawahi kuona mtu akisaini taratibu kama Marek. Alitafuta ukurasa wake kuanzia mwanzo wa kitabu. Mimi nafuatisha kwa kidole. Wakaguzi wa shule, watu wa maji, watu wa michoro kutoka nchi ambazo sijui ziko wapi. Nikauona mwezi Mwanaidi aliopata ajali, nikapunguza mwendo. Siku ya tatu baada ya ajali, mistari miwili chini ya saini.

Dhumuni la ziara: Kumpa pole mfanyakazi wetu Mwanaidi, aliyeangukiwa na magunia kazini. Maoni: Ofisi safi.

Nilitoka nje na kumsomea kwenye dirisha la gari, maana nilimuahidi kwamba chochote nitakachokiona nitamwambia vilevile kilivyo. Alinisikiliza akiangalia paa la gari. Akaniomba nirudie dhumuni. Nikarudia.

"Hakufika," akasema. "Kutoka hapa hadi kwetu nikikohoa mtu anasikia. Hakufika, Katibu."

Bi Asha aliendelea kumpapasa mguu. Mimi nilikasirika kuliko siku nilipoisoma ile barua ya Kampuni. Barua inaandikwa na mtu aliye mbali, hajui lolote. Huyu alilijua jina lake, akasafiri njia yote ile, akaliandika bila kukosea hata herufi, akasifia usafi wa ofisi, akageuza gari. Ndani Marek alikuwa anapiga picha za kumbukumbu, na Mtendaji bado anatazama jacaranda. Tulipoaga tu ndipo alipogeuka, akaomba zile picha zichapishwe, zikiletwa azigongee muhuri, kwa kuwa picha za wageni haziko kwenye katazo. Jioni ileile tukazichapa kwenye steshenari ya jirani, akazigonga.

Kurudisha Kitabu

Alhamisi ilikuwa ya kuomba radhi. Mama Mtendaji wa Mlali alinipokea amesimama. Alikagua kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, kisha akanisukumia kalamu. Nimeandika kwa mkono wangu, na kitakaa pale hadi wajukuu zenu wakione: Dhumuni la ziara, kurudisha kitabu cha wageni nilichokichukua. Sehemu ya maoni nikaandika samahani. Akalainika, akanipa chai, na ule mstari wa Meneja akautolea nakala akaupiga muhuri mara mbili, moja ya ziada kwa ajili ya hasira zake mwenyewe, maana kumbe siku ile Meneja aliondoka na kalamu ya ofisi.

Daftari letu nililikuta na wanachama wapya kumi na wanne. Afisa wa chanjo ya kuku alikuwa amekuja tena, akajaza malalamiko mistari kumi na moja, kuhusu pikipiki ya ofisi ambayo haina taa. Mkaguzi wa shule aliomba uhamisho mara tatu haujibiwi. Mtoto wa Mama Mtendaji, Kazi: kuleta chakula, Tangu Lini: zamani, Malalamiko: jua kali. Nikataka kuzichana zile karatasi. Marek alinikataza. Alisema kwa simu yake kwamba mtu akishaandika malalamiko yake na kusaini, chama hakina ruhusa ya kumchana. Nilibisha njia nzima hadi Dodoma, na mpaka leo sina hakika kama alikuwa sahihi.

Stesheni aliagana na watu wengi kuliko aliowasalimia. Alikuwa amebeba daftari letu na mlenda mkavu kwenye begi, na pakiti tatu za dawa ya kunguni alizonunua kwa hiari yake.

Ijumaa

Kikao chao kilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mnakumbuka siku ile mashine yangu ilikatika uzi mara nne. Simu ya Marek ilikuja saa za kutoka, na nilisikiliza nikiwa nimeziba sikio la pili, nimejibanza nyuma ya mapipa.

Aliniambia kwamba wakubwa walianza kwa kulicheka daftari. Walimfikia mkaguzi wa shule, wakamfikia mtu wa kuku, wakauliza kama hawa nao wanakamua alizeti. Akawaacha wacheke hadi wakachoka. Kisha akaweka mezani zile karatasi mbili zenye mihuri, akamtaka Meneja wa Kanda, aliyekuwa kwenye skrini kutoka huku kwetu, aseme mwandiko ni wa nani. Na ule wa Zuzu, wa msimamizi mwenye kunguni, akauweka pembeni yake. Alisema wanasheria wakaomba kutoka nje. Waliporudi walikuwa wamekubali maghala yote matatu. Barua ya Mwanaidi ingeandikwa Jumatatu na hospitali ingeanza naye wiki hiyohiyo.

Nikampigia Mwanaidi palepale, bado niko nyuma ya mapipa. Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Nilitegemea apige kelele, hakupiga. 

"Jina langu walilisoma?" akauliza.

"Marek alilisoma mara tatu. Mara mbili za kwanza walijifanya hawajasikia."

"Na yeye Meneja alisema nini?"

"Waliulizwa wote mmoja mmoja. Ilipofika zamu yake alisema anakufahamu."

Nikasikia anashusha pumzi. Kisha akaitoa simu sikioni, maana sauti ilikuja kwa mbali, akimwita mama yake kutoka jikoni.

"Mama, acha hivyo vyombo uje usikie. Wananifahamu."